Raia Mtiifu Anashukuru

Butembo, 28 Septemba 2000

Tonton Nzanzu,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Mama ni mzima, ila mguu wa kushoto unamsumbua baridi ikizidi, na baridi ya Butembo unaijua. Dada Berthe amejifungua mtoto wa kiume, tumempa jina la Baba. Analia usiku na mchana, Mama anasema kwa sauti hiyo atakuwa padri au mwanasiasa. Shule yetu imefunguliwa, nina wanafunzi thelathini na mmoja na vitabu sita vya Kifaransa.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu.

Unamfahamu Mama Kaswera, yule mfanyabiashara anayepita njia ya Bafwasende. Juzi alituletea samaki wa kukaushwa kutoka kwenu, wamefungwa kwenye gazeti. Nilipofungua nikaona ni Kalamu ya Makiso, gazeti lako, na safu yako ya Raia Mtiifu. Ulituambia mwenyewe Raia Mtiifu ni nani, ulipokuja huku na Baba kabla vita havijafunga njia, naye alicheka mpaka akamwaga chai. Karatasi ilikuwa imechanika katikati, nimepata nusu ya juu tu. Nimesoma hivi:

«Sisi wakazi wa Tshopo tunamshukuru Mheshimiwa Komanda, Mlinzi wetu, Mzazi wetu, Rafiki wa Amani, Mpenda Watoto, Mjenzi wa Barabara, Mgeni asiyechosha. Mwezi wa sita mabomu yalianguka kwa utaratibu. Leo mtaa wetu una nafasi. Zamani nyumba zilibanana, hata baiskeli ya toleka haikupita na abiria wake, leo lori linageuka bila shida…»

Tonton, Baba hajamaliza miezi minne ardhini! Alikufa katika mtaa huo huo, alikobaki kulinda nyumba yetu sisi tulipohamia huku. Wewe ndiye uliyetuandikia kwamba alikufa, mistari mitatu tu, hukusema alikufaje wala nani alimwosha. Na sasa unamshukuru mtu ambaye jeshi lake la kigeni lilipigana na jeshi jingine la wageni katikati ya nyumba zetu? Wamekupa nini? Nilitupa samaki wote. Mama aliuliza, nikasema wameoza.

Na mdogo wangu Eddy yuko wapi? Barua yake ya mwisho ni ya mwezi wa nane. Anakaa kwako, anakula kwako, mwambie aandike.

Mtoto wako, nikiwa na hasira ambayo sitaificha,
Kavugho

*

Kisangani, 24 Oktoba 2000

Kavugho mwanangu,

Barua yako imefika imelowa, lakini hasira yako haikulowa hata kidogo. Nimefurahi kusikia kuna Emile mwingine duniani. Huku tunaendelea. Lituma ya ndizi ipo, samaki wapo, mafuta ya taa hayapatikani. Msalimie shemeji, mwambie asitembee na ule mguu kwenye matope.

Haya, na mimi nikuulize. Wewe ni mwalimu au ni muuza karanga? Unafundisha watoto kusoma, halafu unasoma nusu ya karatasi iliyofunga samaki na kumhukumu baba yako mdogo? Nimekutumia karatasi nzima ndani ya bahasha hii. Soma nusu ya chini, uone kama nimeshukuru:

«Tunashukuru pia kwa kutufundisha ujirani. Mzee Emile na mzee Constant walikaa miaka kumi na miwili bila kusalimiana kwa sababu ya mpaka wa parcelle, yaani viwanja vyao. Siku ile waliokotwa pamoja. Tunaomba radhi kwa damu iliyochafua barabara, ambayo ilikuwa imetoka kufagiwa.»

Umeelewa sasa? Kaka yangu niliyetoka naye tumbo moja, nitamshukuru nani kwa kifo chake? Ukitaka kumtukana mtu mwenye bunduki, unamvisha sifa mpaka nguo zimzidi, zikokote chini, kila mtu aone. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu wewe ukiwa na meno ya maziwa. Nimewatukana wakubwa wanne kwa njia hiyo, na mmoja wao alinipa baiskeli.

Ungekuwa hapa ungeelewa bila kufundishwa. Tunachapa nakala themanini kwa mashine ya stensili, basi kila soko lina msomaji wake. Soko kuu msomaji ni Eddy. Anapanda juu ya kreti ya bia, anafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, anasoma kwa sauti ya katekista anayetangaza michango baada ya misa. Hacheki. Hata jicho halichezi. Wamama wanaouza pondu, majani ya muhogo, wanamlilia: «Eddy, rudilia pale kwa nafasi! Rudilia tu!» Naye anarudilia, polepole, na soko zima linakatika mbavu. Watu waliozika wanacheka, Kavugho. Wanacheka huku wanapangusa macho kwa vitenge. Miezi hii yote, hiyo ndiyo dawa pekee iliyoingia mjini bila kulipiwa ushuru.

Kuhusu Eddy, masomo yamembana. Ataandika akipata nafasi.

Usitupe samaki tena, ni dhambi.

Tonton wako,
Nzanzu

*

Butembo, 19 Novemba 2000

Tonton,

Mama anakusalimu, mtoto ameanza kutabasamu. Mvua imebomoa ukuta wa jikoni, tumeujenga upya.

Nilipanga kuanza barua hii kwa kuomba msamaha. Niliandika hata ukurasa mzima. Niliungama kwamba niliposoma nusu ya chini nilicheka, nikaona aibu kwa kucheka, kisha nikalia, na kwamba hakuna mtu mwingine aliyeniliza kwa ajili ya Baba tangu Juni. Nilikuambia nitaipeleka safu yako darasani. Ukurasa huo nimeuchana.

Nimeuchana kwa sababu jana Mama Kaswera alirudi kutoka kwenu. Nikamwuliza tu kwa kupitisha maneno, Eddy anaendeleaje na masomo. Akaniangalia kama mtu aliyeona nyoka. Akasema:

«Eddy? Balimukamata! Tangu tarehe kenda ya mwezi wa kumi. Mi nilikuwa pale pale sokoni, balimushusha kwa kreti, balimupiga na mukono ya bunduki. Tonton yako hakukuambia?»

Tarehe tisa Oktoba. Barua yako ni ya tarehe ishirini na nne. Siku kumi na tano, Tonton! Ulikaa mezani, ukanieleza jinsi Eddy anavyofunga vifungo vya shati, jinsi jicho lake lisivyocheza, kama vile yuko hapo mbele yako anasoma, na wakati huo alikuwa ndani. «Masomo yamembana.» Ulinidanganya kwa mkono ule ule ulioniita muuza karanga.

Mama sijamwambia. Kila Jumapili anauliza kama kuna barua ya Eddy, na mimi nasema njia ni mbaya. Umenifundisha uongo nami nimekuwa hodari.

Sitaki salamu. Sitaki habari za lituma. Niambie mambo matatu: yuko wapi, kwa kosa gani, na wewe umefanya nini.

Kavugho

*

Kisangani, 16 Desemba 2000

Kavugho,

Hutaki salamu, lakini sijui kuanza barua bila salamu, basi nimekusalimu. Nimeumwa malaria, nimepona.

Yuko kwenye nyumba ya Mgiriki, yule aliyekuwa ananunua kahawa zamani. Sasa ni ya Komanda. Stoo ya magunia wameifanya gereza. Kila Jumatano na Jumamosi napeleka kwanga ya muhogo na pondu, mlinzi anachukua nusu, nusu inaingia. Yu hai. Amenitumia neno mara mbili.

Kosa. Hapo ndipo kalamu inakuwa nzito, na wewe unanijua, kalamu yangu haikuwahi kuwa nzito.

Siku ile ile na mimi niliitwa. Eddy alikuwa ameshakaa sakafuni, damu imekauka sikioni. Gazeti lilikuwa mezani. Komanda si mjinga, Kavugho. Nilimwandika miezi yote hiyo kama mjinga, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Akaichukua safu akaisoma yote kwa sauti, bila haraka, bila kuongeza wala kupunguza, kama mtu anayesoma bei za dukani. Akiisoma yeye, ilikuwa shukrani tupu.

Akasema: «Mzee, mimi hii karatasi naipenda. Naona sifa tu. Lakini watu wangu wanasema ikisomwa sokoni, raia wananicheka. Sasa nataka kuelewa. Wewe uliandika nini?»

Nikasema: «Shukrani, Komanda.»

«Hakuna tusi?»

«Hakuna tusi, Komanda.»

Akageuka. «Basi tusi limetoka kwenye mdomo wa huyu.»

Nilidhani nikishikilia kwamba karatasi ni safi tutatoka wote wawili. Mungu ananiona, ndivyo nilivyodhani. Miaka ishirini hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yangu: andika kitu ambacho mbele ya hakimu ni sifa. Sikuwahi kufikiri kwamba kinga hiyo inamfunika mwandishi tu, msomaji anabaki uchi.

Eddy alinyanyua kichwa, akaniangalia. Kisha akasema: «Ni kweli, Komanda. Ni miye niliisoma mubaya.»

Na mimi nilitoka nje kwa miguu yangu, nikavuka barabara, nikanunua sigara.

Nimekujibu mambo matatu. Usinihubirie.

Nzanzu

*

Butembo, 11 Januari 2001

Tonton,

Mama sasa anajua. Nilimsomea barua yako yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie pale uliponunua sigara. Nikarudia. Akaenda kulala saa kumi na moja jioni. Tangu siku hiyo hajakutaja.

Sikuhubirii. Nitafanya kazi ninayolipwa kuifanya, siku wakikumbuka kunilipa. Ulisema mimi ni mwalimu, basi acha nisahihishe karatasi yako.

Ulimwambia Komanda hakuna tusi ndani ya maandishi. Nimekaa na safu yako juma zima na kalamu nyekundu. Umempa vyeo saba katika sentensi moja. Mtu anayeheshimiwa kweli hupewa kimoja na kinatosha. Cha mwisho ni «Mgeni asiyechosha», na hakuna mwenyeji duniani anayemwambia mgeni hivyo isipokuwa amechoka. Unashukuru kwa «nafasi» lakini husemi nafasi hiyo ilikuwa nini jana. Ilikuwa nyumba. Kila shukrani yako ukiifuata mpaka mlangoni kwake unakuta msiba umekaa ndani. Unashukuru kwa mambo yote isipokuwa lile ambalo mji mzima unalisubiri, yaani waondoke, na ukimya huo unapiga kelele kuliko sifa zote. Kisha unasema Baba na mzee Constant «waliokotwa». Watu huzikwa, Tonton, huombolezwa. Kinachookotwa ni kitu. Ulichagua neno hilo kwa sababu uliona, ulikuwepo, na ni wewe uliyeinama ukaokota. Mistari mitatu uliyotuandikia Juni haikusema hivyo, lakini safu yako imesema. Mwisho unaomba radhi kwa damu, wewe ambaye damu hiyo ni ya kaka yako. Anayeomba radhi mahali pa kudai, huyo anatukana, hata mtoto anajua.

Na kuhusu mtoto kujua, nina ushahidi. Safu yako nimeinakili ubaoni, mstari kwa mstari, bila kufungua mdomo. Nikawaambia wanafunzi wangu thelathini na mmoja wasome kimya, kila mtu mahali pake, marufuku kunong'ona. Hawa ni watoto wa Butembo. Hawakumsikia Eddy hata siku moja, hawajui kreti wala katekista. Walipofika kwenye lori linalogeuka bila shida, wavulana wa nyuma wakaanza kutikisika mabega. Walipofika kwenye «waliokotwa», msichana mmoja anaitwa Annette akafunika mdomo kwa mikono miwili, na wote wakaacha kucheka kwa pamoja. Hakuna aliyewasomea. Hapakuwa na sauti ya mtu yeyote. Kilichowachekesha na kuwaumiza kilikuwa kwenye maneno, na maneno ni yako.

Eddy hakusoma vibaya. Eddy alisoma sahihi kabisa, na ndiyo maana yuko kwenye stoo ya magunia. Amefungwa kwa sababu alikuelewa.

Sasa chagua. Kama ni kweli hakuna tusi kwenye karatasi, basi ulimshukuru mwuaji wa Baba, na mimi sina tonton Kisangani. Kama tusi lipo, basi nenda kalichukue, ni mali yako. Peleka barua hii kwa Komanda. Usipoipeleka, Mama Kaswera ana nakala, naye haogopi mtu.

Ninakuogopea. Sikutaka kuandika hilo lakini ni kweli, na leo hakuna mtu kwenye familia hii atakayeandika kitu kisicho cha kweli. Nakuogopea na bado nasema nenda.

Kavugho

*

Kisangani, Jumapili 18 Februari 2001

Kavugho mwanangu,

Anayekukabidhi barua hii ni Eddy. Mshike kwanza, utasoma baadaye.

Amekonda lakini anakula. Sikio la kulia halisikii vizuri, ukae upande wa kushoto. Usimwombe asome kitu chochote kwa sauti, hata barua, hata sala ya chakula. Wamama wa pondu walimzunguka jana alipotoka tu, wakamwambia, «Eddy, tusomee hata bei ya chumvi,» akatoka jasho mpaka akakaa chini. Shemeji atajua la kufanya, mimi sijui.

Barua yako nilikaa nayo siku tisa. Nilikutukana, nisikufiche. Nilikuita mtoto asiye na adabu, nikasema umesomeshwa kwa fedha yangu na sasa unanihukumu. Siku ya kumi nikachukua wembe, nikakata jina la mji kila lilipoandikwa, na la Mama Kaswera, na chini jina lako, nikaenda kwenye nyumba ya Mgiriki bila kuitwa.

Nilimsomea Komanda masahihisho yako yote. Kisha nikamwambia, sasa nitaisoma safu mimi mwenyewe, mwandishi. Kavugho, miaka ishirini ninaandika na sijawahi kusoma safu yangu mbele ya watu. Siku zote nilimtuma mwingine. Nilifunga vifungo vya shati, nikasoma. Kwenye «Mgeni asiyechosha» walinzi wawili mlangoni waliangua kicheko, vijana wake mwenyewe. Komanda akawatazama, wakanyamaza. Akasema: «Haya. Nimeelewa. Huyo mwalimu wako anajua kazi.»

Akamwita karani, akaniwekea karatasi yenye muhuri. Akasema niandike upya nilichotaka kusema, kwa maneno ya kawaida, bila sifa, niweke sahihi, ndipo Eddy atoke. Alidhani nitashindwa. Hata mimi nilidhani, kwa sababu sijui tena kuandika bila kujificha. Nilikaa kwenye kiti kile kuanzia saa tatu hadi saa saba.

Eddy walimtoa jana. Mimi nimeamriwa kuripoti kesho Jumatatu saa mbili asubuhi. Usiniulize nini kitafuata, sijui, na Mama Kaswera asitumwe kuuliza. Mashine ya stensili iko salama, haiko kwangu.

Karatasi ile nimeikumbuka neno kwa neno, nakunakilia hapa ili shemeji asomewe. Aliwadai ninyi kwa miezi minane jinsi mume wake alivyokufa, na mimi ndiye niliyekuwa na deni hilo.

«Mimi, Nzanzu, ndiye Raia Mtiifu. Ninaandika haya bila mzaha. Kaka yangu Emile aliuawa nyumbani kwake mtaa wa Tshopo tarehe 6 Juni 2000, saa nne asubuhi, pamoja na jirani yake Constant aliyekuja kuomba maji. Nilikuwa upande wa pili wa barabara, chini ya meza. Nilimsikia ananiita, sikutoka. Nilitoka kulipokuwa kimya, nikamwokota. Mabomu yalirushwa na majeshi mawili, na moja ni lako. Sikukushukuru hata siku moja. Eddy alisoma nilichoandika, kama nilivyotaka kisomwe.»

Nzanzu